Iafoni Imeharibika: Uidai Waranti au Uitengeneze Mwenyewe?

Upande mmoja wa iafoni, zile spika ndogo za kuvaa masikioni, umenyamaza. Au sauti inakuja na kupotea kila ukigeuza shingo, au chaji iliyokuwa ikimaliza siku sasa haifikishi mwisho wa simu moja ndefu. Risiti ipo mahali fulani ndani ya nyumba. Mtandaoni nako kuna video ya mtu aliyefungua iafoni kama yako na kuibadilishia betri kwa dakika chache, tena bila jasho. Uirudishe ulikoinunua, au ushike bisibisi?

Wengi huamua kwa kutazama tarehe: waranti ipo, irudi, waranti imekwisha, ifunguliwe. Mimi ningeanza na swali la nini hasa kimekufa ndani yake. Kuna hitilafu ambazo hakuna waranti itakayozikubali hata kama risiti ni ya wiki iliyopita, na kuna nyingine ambazo ukizifungulia ganda utakuwa umejiongezea msiba tu.

Kabla ya yote: imeharibika kweli?

Kuna iafoni zinazotupwa zikiwa bado nzima. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, utazame mizani ya sauti kati ya kushoto na kulia. Kitelezi kile kikisukumwa pembeni kwa bahati mbaya, upande mmoja unakuwa bubu na hakuna kilichoharibika. Ijaribu iafoni kwenye simu nyingine au kompyuta. Ikilia vizuri kule, mgonjwa ni simu yako, na kwa zile za waya mara nyingi ni vumbi la mfukoni lililoshindiliwa ndani ya tundu la pini. Za Bluetooth zifute kwenye orodha ya vifaa vya simu, zirudishe kwenye hali ya kiwandani kama kijitabu chake kinavyoelekeza, kisha ziunganishe upya. Upande usiochaji nao ushukiwe uchafu kwanza: vile vidoa vya chuma vinavyogusana na kasha la kuchajia hujenga utando wa jasho na mafuta ya ngozi, na kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo huuondoa.

Halafu kuna nta ya masikio. Vua kimpira, washa tochi, tazama kijiwavu. Kikiwa safi utaona vitundu vyake vyote. Kikiwa na nta utaona utando wa njano au kahawia unaong'aa, pengine umeziba nusu tu, ndiyo maana sauti haikatiki bali inafifia polepole hadi unadhani spika imechoka. Ishike iafoni kijiwavu kikitazama chini, ukisugue kwa mswaki laini na mkavu ili kinachobanduka kianguke nje. Nta iliyokauka huhitaji mswaki uliogusishwa spiriti na kukung'utwa hadi unakaribia kukauka. Usichokonoe kwa sindano wala usipulize hewa ya kopo: nyuma ya wavu huo kuna ngozi nyembamba ya spika, na ikitoboka, mjadala wote wa waranti umekwisha. Vimpira vioshe kwa maji na sabuni, uvirudishe vikiwa vikavu kabisa.

Hakuna hata hatua moja kati ya hizi inayofungua kitu, kwa hiyo waranti yako iko palepale.

Vigezo

Ikiwa bado inasumbua, sasa kuna uamuzi wa kufanya. Njia hizi mbili nitazipima kwa mambo matano: aina ya hitilafu, gharama, muda, hatari, na utakachobaki nacho mkononi kazi ikiisha. Ninaposema kujitengenezea namaanisha kukata waya au kufungua ganda. Kumpelekea fundi asiyetambuliwa na mtengenezaji nimekuweka upande huohuo, kwa sababu mbele ya waranti mara nyingi hakuna tofauti kati ya mkono wake na wako.

Aina ya hitilafu

Waranti imeandikwa kwa ajili ya kasoro za kiwandani. Spika inayokwaruza tangu siku za mwanzo, upande unaokataa kuungana na mwenzake, kasha lisilopokea chaji, maikrofoni isiyopeleka sauti huku kila kitu kingine kikiwa sawa: hizo ni kesi zake. Ukisoma maandishi madogo utakuta pia orodha ya yasiyolipiwa, na karibu kila kampuni inaimba wimbo mmoja: kuanguka, kupotea, waya uliokatwa au kuvutwa, vimpira, mikwaruzo, na betri iliyopungua nguvu kwa matumizi ya kawaida. Maji nayo yamo. Alama ya IPX4 inamaanisha kifaa kilijaribiwa kwa maji ya kurushiwa kutoka kila upande, na IPX7 kwamba kilizamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Majaribio hayo hufanywa kwa maji matupu, si kwa sabuni ya mashine ya kufulia wala chumvi ya jasho la miezi, na si ajabu kukuta boksi linajisifia alama hiyo huku waranti iliyomo ndani yake ikikana madhara ya maji.

Kuna kasoro nyingine ambazo mtengenezaji mwenyewe amezikiri. Mwaka 2020 Apple ilitangaza kwamba baadhi ya AirPods Pro zilizotengenezwa kabla ya Oktoba mwaka huo zilikuwa na tatizo la kukwaruza au kushindwa kuzuia kelele ipasavyo, ikaanzisha mpango wa kuzihudumia bure, ambao baadaye ulifikishwa miaka 3 tangu kifaa kiliponunuliwa. Waranti ya kawaida ya iafoni hizo ni mwaka 1. Kwa hiyo usitangaze matanga kwa kuwa tarehe imepita. Pekua kwanza tovuti ya mtengenezaji uone kama modeli yako ina mpango wa namna hiyo.

Upande wa kujitengenezea, waya ndio ufalme wake. Hukatika palepale panapokunjwa kila siku: nyuma ya pini, kwenye njia panda ya kushoto na kulia, au pale unapoingia kwenye iafoni yenyewe. Cheza muziki, kunja waya kidogo kidogo ukianzia kwenye pini. Sauti inaporudi ndipo palipo na mkato. Mwenye multimita, kile kipimo cha umeme, hapati shida hiyo. Pini yenye mistari miwili myeusi ina sehemu tatu: ncha ni kushoto, pete ni kulia, shina ni ardhi, yaani njia ya kurudishia umeme. Yenye mistari mitatu ina maikrofoni pia, na kwenye simu nyingi za sasa pete ya pili ndiyo ardhi, shina likiwa la maikrofoni. Pima ncha na ardhi, kisha pete ya kwanza na ardhi. Iafoni nyingi nzima husoma ukinzani wa omu 16 hadi 32 hivi. Upande uliokatika hausomi kitu.

Ukikata nyuma ya pini na kumenya gamba, usitegemee kukuta waya wa shaba uliouzoea. Kuna nyuzi nyembamba kama unywele, zimepakwa vanishi ya rangi, mara nyingi nyekundu kwa kulia, kijani au buluu kwa kushoto na rangi ya shaba kwa ardhi, zimesokotwa pamoja na nyuzi za nailoni. Vanishi hiyo ndiyo inayowaangusha wanaojifunza. Risasi ya kulehemia inateleza juu yake, fundi mpya anaongeza risasi, bonge linakua, na sauti haipiti. Dawa ni kuiunguza: weka tone la risasi kwenye ncha ya chuma cha kulehemia chenye moto wa kutosha, ingiza nyuzi ndani ya tone, subiri kamoshi kadogo katoke na nyuzi zigeuke rangi ya fedha. Hapo ndipo zinapokubali kushika. Na kabla ya kulehemu lolote, vesha gamba la pini mpya kwenye waya kwanza, kwa sababu ukishamaliza halitapita tena. (Kila anayelehemu pini analijua hili, na kila anayelehemu pini hulisahau siku moja.)

Kama iafoni yako ni ya waya unaochomoka, zile zenye kiungo cha MMCX au cha pini mbili za milimita 0.78, yote hayo yaruke. Unanunua waya mwingine wa kiungo hichohicho, unachomeka, imekwisha. Sijui njia rahisi kuliko hiyo.

Zisizo na waya ni habari nyingine. Ganda limegundishwa, ndani kuna betri ya lithiamu ndogo kama kifungo cha shati, na nafasi ya vidole haipo. iFixit, wanaopima urahisi wa kutengeneza vifaa, waliwahi kuzipa AirPods alama 0 kati ya 10, wakati Galaxy Buds za Samsung za mwaka 2019 zilipata 6 kwa kuwa betri yake inatoka bila kulehemu. Fairphone nao walitoa Fairbuds mwaka 2024 zenye betri ambayo mwenye kifaa anaibadilisha mwenyewe. Utofauti ni mkubwa kiasi kwamba kusema "betri inabadilishika" bila kutaja modeli hakuna maana. Tafuta mwongozo wa kufungua modeli yako hasa. Usipoupata popote, chukulia kuwa hilo ni jibu. Na kama kilichokufa ni saketi yenyewe, chipu au maikrofoni ya kuzuia kelele, kazi hiyo haiwezekani kwenye meza ya sebuleni.

Gharama

Waranti inaitwa bure, na mara nyingi ni bure kweli, lakini hesabu nauli au gharama ya posta, vocha ya kupiga simu, na siku utakazokaa bila kifaa. Kwa iafoni ya bei ya chini, kuituma tu kunaweza kuzidi thamani yake. Jingine ni kwamba waranti hufuata njia rasmi ya mauzo. Kifaa kilichoingizwa na muuzaji asiyetambuliwa, au kile kinachofanana na cha kweli hadi kwenye boksi, huanguka pale mtengenezaji anapoomba namba ya utambulisho iliyochapwa chini ya kasha. Namba hiyo ihakiki kwenye tovuti ya kampuni kabla hujapoteza nauli.

Kujitengenezea kunagharimu vifaa kuliko vipuri. Pini mpya ni kitu cha bei ya chini kabisa. Chuma cha kulehemia, risasi, multimita na kibano ndivyo vinavyokula pesa. Mwenye navyo tayari yuko mbele. Anayetaka kuvinunua kwa ajili ya iafoni moja ajiulize kama kuna kitu kingine nyumbani kitakachofaidi, la sivyo hesabu haiji.

Muda

Waranti inaweza kuchukua siku chache dukani au wiki kadhaa ikipitia posta, na humo katikati huna la kufanya zaidi ya kuuliza. Waya unatengenezeka jioni moja. Betri ya isiyo na waya nayo ni kazi ya jioni, ukiacha siku za kusubiri kipuri na muda wa gundi kukauka.

Hatari

Hatari ya waranti ni ya kukataliwa. Fundi wa kampuni anaona alama ya unyevu au ufa kwenye ganda, anaandika kwamba kifaa kilitumiwa vibaya, na mzigo wa kubisha unakuwa wako. Ndiyo maana ushahidi hujengwa mapema: video fupi inayoonyesha hitilafu ikitokea, picha za kifaa kabla hakijaondoka mikononi mwako, na majibu ya maandishi badala ya mazungumzo ya simu yanayosahaulika. Jua pia unamdai nani. Katika Umoja wa Ulaya anayewajibika kisheria kwa kasoro ni muuzaji, kwa angalau miaka 2, hata kama waranti ya mtengenezaji ni fupi kuliko hapo. Uingereza, sheria ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kudai pesa yake yote, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Kwingine mambo ni tofauti, kwa hiyo sheria ya mahali uliponunua ndiyo ya kusoma, na wakati mwingine ina nguvu kuliko kikaratasi kilichomo ndani ya boksi.

Hatari ya kufungua ni kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ganda lililobanduliwa gundi huacha alama, na ile kinga ya maji ya kiwandani huondoka hata kama utaligundisha kwa ustadi. Marekani kuna sheria ya mwaka 1975 inayomzuia mtengenezaji kuifuta waranti kwa sababu tu mtu mwingine amekigusa kifaa, na mwaka 2018 FTC, tume ya biashara ya huko, ilizionya kampuni kadhaa kuhusu vibandiko vinavyotishia hivyo. Lakini hata huko, ulichokivunja wewe mwenyewe wakati wa kufungua hakilipiwi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye betri. Betri ya lithiamu ikitobolewa au kukunjwa inaweza kuwaka, na udogo wake haubadilishi hilo. Tumia kibanduo cha plastiki badala ya kisu, maliza chaji kabla ya kufungua, na usilehemu moja kwa moja juu ya betri. Nunua yenye vilimi vya kulehemia tayari. Ganda lililoanza kuachana lenyewe, au upande mmoja usiokaa tena vizuri kwenye kasha, huenda ni betri iliyovimba. Hiyo usiichaji, usiifungue, na usiitie kwenye kifurushi kimyakimya: betri mbovu za lithiamu haziruhusiwi kusafirishwa kwa ndege. Mweleze muuzaji kwanza jinsi ilivyo, akuelekeze.

Utakachobaki nacho

Ukishinda dai la waranti unaweza kupewa kipya, kilichofanyiwa ukarabati, au upande mmoja tu uliobadilishwa. Mara nyingi muda wa waranti hauanzi upya. Unaendelea na siku zilizobaki, pengine na nyongeza ndogo. Faida kubwa iliyojificha ni betri: kifaa mbadala huja na betri yenye nguvu, jambo ambalo ungekataliwa kama ungelidai peke yake. Kabla ya kukabidhi, iondoe iafoni kwenye akaunti yako na kwenye huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea, la sivyo inaweza kukwama njiani.

Ukijitengenezea unabaki na kifaa kilekile, pengine na waya mgumu zaidi ya wa awali au mshono unaoonekana kwenye ganda, na hakuna atakayekipokea tena kwa dai lolote. Unabaki pia na mkono uliojifunza. Pini ya pili hulehemewa vizuri kuliko ya kwanza.

Nani inamfaa ipi

Waranti inamfaa mwenye risiti na uvumilivu, aliyenunua kwa muuzaji anayejulikana, na ambaye iafoni yake ina thamani ya kupigania. Inamfaa pia asiyetaka kabisa kucheza na betri, na hana haja ya kuona haya kwa hilo.

Kujitengenezea kunamfaa mwenye iafoni ya waya, mwenye vifaa au rafiki mwenye vifaa, na anayeweza kupokea kwamba kazi inaweza kuharibika bila roho kumuuma. Asiye na subira ya mikono aachane na ndogo zisizo na waya. Humo kosa la milimita moja linaonekana.

Kwa hali yako

Ina miezi michache, haijaanguka, haijaloa, na upande mmoja umekufa: dai waranti, na usiiguse zaidi ya kuisafisha. Muuzaji akikuzungusha, mwandikie na mtengenezaji siku hiyohiyo badala ya kungoja tarehe ipite.

Ina waranti lakini waya umekatika kwa kuvutwa: uliza kwanza, kwa sababu swali halina gharama na wapo wanaobadilisha bila maneno mengi. Wakikataa, omba jibu la maandishi, kisha kata waya ukiwa umetulia.

Haina waranti, ni ya waya: itengeneze. Hata ikikushinda, kilichopotea ni kidogo.

Haina waranti, haina waya, na betri ndiyo imechoka: mwongozo wa modeli yako ndio utakaoamua. Kama ganda hufunguka bila kuvunjwa na betri yake inauzwa, jaribu. Kama sivyo, uliza bei ya upande mmoja. Baadhi ya watengenezaji huuza wa kulia, wa kushoto au kasha peke yake. Ukinunua upande uliotumika kwa mtu mwingine, hakikisha ni modeli na toleo lilelile, maana pande mbili za matoleo tofauti huweza kukaa kasha moja na zisisikilizane kamwe.

Imeloa: izime, ifute, iache nje ya kasha sehemu yenye hewa, na usiichaji hadi iwe imekauka kwa hakika. Ikigoma kuamka, dai la waranti lina nafasi ndogo lakini halikatazwi, na ukiulizwa kilichotokea, sema kweli, kwa kuwa huenda ndani kuna kibandiko kinachoonyesha unyevu, nacho kitasema kabla yako.

Na kama unapanga kununua nyingine badala ya haya yote, unaweza kutazama kalenda ya Umoja wa Ulaya: kuanzia 18 Februari 2027, vifaa vingi vyenye betri za kubebeka vitakavyouzwa huko vitatakiwa kuwa na betri ambayo mtumiaji anaweza kuitoa na kuibadilisha, isipokuwa vile vilivyoachiwa nafasi na kanuni yenyewe. Wakati huohuo, dukani, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: waya wake unachomoka, na upande mmoja ukifa unauzwa peke yake?